Nairobi kwa siku mbili, kwa miguu na kwa matatu

Mgeni wa Nairobi huharibu ratiba yake kabla hata hajafika. Anaandika orodha: twiga, tembo, mbuga, makumbusho, paa la jumba la mikutano la KICC, soko. Kisha anaipanga kufuata hamu. Kufikia saa kumi na moja jioni ya siku ya kwanza yuko ndani ya gari kwenye Barabara ya Lang'ata, dereva amezima injini, muuza njugu amepita dirishani mara tatu, na nusu ya orodha haijaguswa. Vivutio vya jiji hili vimekaribiana, ila barabara zinazoviunganisha ni chache na hujaa kwa wakati mmoja: asubuhi kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu, na jioni kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku. Mvua ikinyesha, usihesabu tena. Ndiyo maana kinachopaswa kupanga ziara ni upande wa jiji na saa ya siku. Hamu itafuata nyuma.

Pande za kutembelea ni tatu. Kuna katikati ya jiji, ambako wenyeji hupaita tao, na huko huendi kwa gari, unatembea. Kuna Lang'ata na Karen, kusini magharibi, ndiko kwenye wanyama. Na kuna kaskazini: Makumbusho ya Taifa juu ya Museum Hill, na msitu wa Karura mbele yake kidogo. Usichanganye tao na Lang'ata ndani ya nusu siku moja. Ukiwa na siku mbili tu, chukua Jumamosi na Jumapili. Jumamosi asubuhi tao inapitika na sehemu nyingi za kuingia zimefunguliwa. Jumapili alfajiri barabara ya kwenda mbugani ni tupu.

Kabla ya kutoka chumbani, mambo manne. La kwanza ni malipo. Mbuga na makumbusho ya serikali hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, na sehemu nyingine kubwa pia hazipokei noti mlangoni; ni M-Pesa au kadi. Anayetoka Tanzania, Uganda au Kongo asajili laini ya Kenya kwa pasipoti yake siku ya kwanza, aiwekee pesa, ndipo atembee. Wanaokwama getini huwa na noti mfukoni na simu isiyolipa. La pili ni hati. Vivutio vingi vina bei tofauti kwa raia, kwa wakazi na kwa wageni wa mbali, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupata nafuu sehemu nyingi, mradi aonyeshe kitambulisho au pasipoti. Hati ikiwa imebaki hotelini, utalipa kama aliyeshuka kutoka Ulaya. La tatu ni plastiki: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na misitu ya hifadhi. Beba chupa ya chuma. La nne ni sweta. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi mtu wa Pwani hutetemeka meno.

Jumamosi ianzie kwenye reli, kwa sababu mji wenyewe ulianzia hapo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwisho wa Mei 1899, ikakuta tambarare ya majimaji, wajenzi wakaifanya kambi ya kupumulia kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, yako nyuma ya stesheni upande wa Uhuru Highway. Njia ya kuingilia hujaa tope wakati wa mvua, basi viatu vyeupe viache. Wengi hupita ukumbi wa ndani haraka, wakapiga picha nje, wakaondoka. Mali iko nje, kwenye uwanja wa vichwa vya treni, na inahitaji saa moja na nusu ya mtu asiyekimbia.

Tafuta kwanza vichwa viwili vikubwa vya Garratt vya daraja la 59. Vilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, na kila kimoja kina uzito wa tani 252 hivi. Simama ubavuni uone vilivyoundwa: boila iko katikati, na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja juu ya magurudumu yake. Ndiyo siri yenyewe. Reli ile ilikuwa ya upana wa mita moja tu, na kona za kupandia kutoka Pwani ni kali. Kichwa kirefu cha kawaida chenye nguvu hizo kingeacha reli, ila hiki kinajikunja sehemu mbili. Vyote vya daraja hilo vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na viwili vilivyobaki hapa vinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Mtanzania atatabasamu: Gelai uko kando ya Ziwa Natron, Shengena uko Upare. Siku hizo shirika la reli lilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na uwanja huu ni mojawapo ya sehemu chache ambapo umoja ule unaweza kuugusa kwa mkono.

Cha pili ni behewa namba 12. Juni 1900, kwenye kituo cha Kima, afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani yake na wenzake wawili wakimvizia simba mla watu. Ryall alikaa zamu, usingizi ukamchukua. Behewa lilikuwa limeinama kidogo. Simba alipoingia, mlango wa kuteleza ulijifunga nyuma yake, na njia ya kutokea ikawa dirisha. Simba alitoka na Ryall. Waongozaji wengine humchanganya simba huyu na wale wawili wa Tsavo. Wale waliuawa Desemba 1898, na leo wamekaushwa Chicago.

Kutoka hapo hadi paa la KICC, ukipitia vituo vyote nitakavyovitaja, ni mwendo wa kilomita nne hivi. Vaa begi mbele, simu iwe ndani. Kundi la wezi wa mfukoni wa Nairobi halikimbii na kisu. Mmoja anakugonga bega, mwingine anakuomba radhi, wa tatu ameshamaliza. Hatari zaidi iko kwenye steji za matatu na kwenye vivuko vya Haile Selassie na Moi Avenue, ambako watu hubanana. Na usivute sigara barabarani wala kutupa karatasi: kuna maeneo maalumu ya kuvutia, na askari wa kaunti, kanjo, wanamjua mgeni kwa macho.

Kwenye makutano ya Haile Selassie na Moi Avenue kuna bustani ndogo ya kumbukumbu ya Agosti 7. Hapo ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa 1998. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, na wengi wao hawakuwa ndani ya ubalozi. Jengo la jirani, Ufundi, liliporomoka lote. Siku hiyo hiyo Dar es Salaam ilipoteza watu 11. Majina yameandikwa ukutani. Kaa kimya robo saa, usipige picha za watu wanaosoma majina. Wengine ni ndugu.

Ukipanda Moi Avenue unafika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, jengo la mawe lililowahi kuwa benki. Mtu wa Nairobi akikwambia tukutane Archives, anamaanisha nje ya mlango huu, na nje ndiko wengi huishia. Ingia. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966 kisha akaachana na siasa. Alikusanya sanaa ya bara zima: vinyago, nguo, vito, silaha, stempu. Kwa maoni yangu hakuna pesa ndogo inayonunua kitu kikubwa kuliko hapa katika jiji zima. Tatizo ni saa: Jumamosi hufungwa mchana, Jumapili haifunguliwi kabisa. Ndiyo sababu nimeweka tao Jumamosi asubuhi.

Mbele ya mlango anasimama Tom Mboya kwa shaba, amezungukwa na heroe. Sanamu ilizinduliwa 2011. Waziri huyo alipigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa hatua chache kutoka hapo, akiwa na umri wa miaka 38. Mtaa huo wakati ule uliitwa Government Road. Dakika tano kuelekea magharibi, kwenye mtaa wa Kimathi, yuko Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, na bunduki yake. Sanamu yake iliwekwa Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya Waingereza kumnyonga.

Sehemu inayofuata ipite bila haraka lakini bila kuganda. Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, una kuba tatu na minara miwili, na hukaribisha wageni nje ya nyakati za sala. Omba ruhusa mlangoni, vua viatu, mwanamke ajifunike kichwa. Jirani yake ni maktaba ya McMillan ya 1931, ile yenye simba wa mawe mlangoni. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi uhuru ulipokuwa unabisha hodi. Ng'ambo ni City Market, ambalo ndani yake kuna maua, nyama na vinyago. Vinyago vingi ni vile vile utakavyovikuta kila mahali, na bei ya kwanza utakayotajiwa ni ya kupimia kama unajua bei. Toa theluthi, malizia karibu na nusu.

Ukifuata Kenyatta Avenue hadi inapokutana na Uhuru Highway utaona jengo dogo la mawe la 1913, Nairobi Gallery. Zamani lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, watu waliandikisha humo vizazi, ndoa na vifo, na mahali hapo ndipo umbali wa miji mingine ulipoanzwa kupimwa. Pembeni yake linasimama Nyayo House, refu, la rangi ya udongo, lenye foleni ya watu wa pasipoti. Chini ya jengo hilo, miaka ya 1980, ndiko walikoteswa waliopinga serikali. Hakuna tiketi ya kuingia huko. Ni vizuri tu kujua unasimama wapi.

Kisha KICC. Mnara wa ghorofa 28, mita 105, uliochorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso wa Kenya, ukafunguliwa 1973. Ukumbi wa mikutano ulio pembeni yake, wenye paa kama pia, ndio unaoupa umbo linalotambulika kwenye noti na kadi za posta. Kitambulisho hubaki getini, lifti inakupandisha, ngazi chache zinamalizia, na unatokea juu ya paa penye uwanja wa helikopta. Upande wa magharibi chini ni Uhuru Park, ambako 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alizuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katikati ya bustani. Kusini unaona reli ulikotoka, na nyuma yake nyasi za mbuga. Anayetaka kuona Mlima Kenya aanze siku yake hapa asubuhi mapema na reli aifanye ya pili, maana mawingu huufunika mlima kabla jua halijakomaa. Anayetaka picha ya jiji aje kuanzia saa kumi jioni, jua likielekea Ngong. Mkutano mkubwa ukiwapo, paa hufungwa bila tangazo la maana. Ulizia siku moja kabla.

Mchana wa Jumamosi nenda Makumbusho ya Taifa. Ni mwendo mfupi wa matatu yoyote ya Westlands, ushuke Museum Hill. Tenga saa mbili na nusu. Uani yupo Ahmed, tembo wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi akafa kifo cha Mungu 1974. Huyo wa uani ni mfano, mifupa yake halisi iko ndani. Chumba usichokikosa ni kile cha mafuvu ya kale, chenye mlango mzito na mwanga hafifu. Humo yumo mvulana wa Turkana, mifupa ya takriban miaka milioni 1.5, aliyegunduliwa 1984 na Kamoya Kimeu, bingwa asiyekuwa na shahada, hodari wa kuona mfupa mdogo kati ya kokoto za rangi ile ile. Wa Tanzania wasimtafute Zinjanthropus hapa. Yeye yuko Dar. Nyoka wana tiketi yao pembeni, na watoto hawatakusamehe ukiwaruka.

Jumapili ni ya wanyama, na hapa kuna uamuzi mgumu. Mbuga ya Taifa ya Nairobi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na inastahili saa nne. Twiga wa Giraffe Centre huwa na njaa wanapofungua saa tatu. Kufikia alasiri wameshiba, wanakutazama tu. Watoto wa tembo wa Sheldrick, kituo cha kulea tembo yatima, huonyeshwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano hadi saa sita. Vyote vitatu kwa utulivu haviwezekani. Mwenye watoto wadogo aanze twiga saa tatu, tembo saa tano, mbuga aiache. Mtu mzima aingie mbugani alfajiri, atoke saa nne, awahi tembo, na twiga awape kilichobaki cha siku. Angalizo moja: nafasi ya Sheldrick huwekwa mtandaoni mapema, mara nyingi siku kadhaa kabla, na tovuti huandika 11:00. Hiyo ni saa tano yetu. Wapo wanaotokea saa kumi na moja jioni, mlango umefungwa.

Mbuga ilianzishwa 1946, ina kilomita za mraba 117, imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini, ambako Mto Mbagathi ndio mpaka na wanyama huvuka kwenda Kitengela. Faru, simba, nyati na chui wamo. Tembo wa porini hamna, na anayekuahidi tembo anakuuzia ziara nyingine. Huruhusiwi kutembea kwa miguu isipokuwa sehemu maalumu za kupumzikia, kwa hiyo suala la kwanza ni gari. Kiangazi, gari dogo la kawaida linapita njia kuu. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa tambarare unageuka gundi, unajaza mikunjo ya tairi hadi inateleza kama sabuni, na hapo unahitaji gari la magurudumu manne yanayovuta. Kukodi gari la watalii lenye paa la kufunguka na kugawana gharama watu sita ni busara kuliko kubishana na dereva wa teksi anayeogopa kokoto.

Piga picha ya ramani getini, kwa kuwa makutano ya ndani yana namba na mtandao wa simu si wa kuaminika kila bonde. Usikimbilie simba. Anza na uwanda wa katikati jua linapochomoza, tazama penye magari mawili yaliyosimama, kisha shuka kwenye mabwawa ya viboko, ambako askari wa wanyamapori hukuongoza kwa miguu kando ya mto. Funga madirisha unapokula, tumbili hawaombi. Karibu na lango kuu kuna mahali pa majivu ambapo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na tani 105 zikachomwa hapo 2016. Na ukiinua macho utaona treni ya Naivasha ikipita juu ya nguzo, katikati ya mbuga, twiga wakila chini yake. Wapo waliopinga daraja hilo hadi mahakamani, na ukilitazama kwa dakika tano utaelewa pande zote mbili.

Asiye na gari bado anaweza kitu. Matatu za 125 na 126 za Rongai, kutoka steji ya Railways, hupita mbele ya lango kuu, na hapo pana Safari Walk na kituo cha wanyama yatima, kila kimoja kwa tiketi yake, unatembea kwa miguu juu ya njia za mbao. Uliza nauli kabla ya kupanda, kwa sababu konda huipandisha saa za msongamano na mara tu tone la kwanza la mvua linapoanguka. Dirisha likiwa wazi, simu isikae mkononi.

Kwa twiga, kanuni ni moja: lisha tembe za chakula moja moja, usigeuze mgongo. Twiga anayeona mkono mtupu hupiga kwa kichwa, na kichwa hicho si chepesi. Nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa hapo hadi shamba likafilisika 1931, iko kilomita chache mbele. Nenda kama unapenda nyumba za kale na mtazamo wa vilima vya Ngong, vinginevyo iruke ule nyama.

Nyama choma iko Kenyatta Market, njiani ukirudi mjini kupitia Mbagathi. Uliza bei ya kilo kwanza, chagua kipande, kipimwe mbele yako, ndipo kiwekwe motoni au kikatwe. Nusu kilo ya mbuzi kwa mtu, ukihesabu mifupa, inatosha na ugali na kachumbari. Maliza kabla ya saa kumi, maana Jumapili jioni magari yanayorudi kutoka mashambani huziba barabara zote za kuingia mjini.

Mvua ikikuharibia Jumapili, badilisha: makumbusho siku hiyo, na mbuga uisogeze Jumatatu alfajiri, ukienda kinyume na wanaoingia mjini. Mvua ikikatika mapema, Karura itakupokea: hekta zaidi ya 1,000 za miti, maporomoko ya maji, mapango waliyojificha Mau Mau, baiskeli za kukodi getini. Lango la Kiambu Road lina maegesho bora, la Limuru Road liko karibu zaidi na matatu. Malipo ni kwa simu, na chupa ya plastiki itabaki kwa mlinzi.